Picha ya Kofia Uliyonikataza Kumwonyesha Mama

Baba,

Mama ameiona. Naanza na hilo kwa sababu nikilichelewesha sitaliandika. Ile picha ya kofia, ile uliyoniambia asiione, nilimfungulia mimi mwenyewe kwenye kompyuta yangu, mezani kwetu Nyahururu, siku mbili kabla hatujakuzika. Nilikuwa nimekuahidi. Nataka nikueleze ilivyokuwa, halafu uamue kama utanikasirikia.

Sasa nimerudi Dubai. Niko kwenye chumba kile kile cha Jumeirah Village ninachoishi na wasichana watatu, na kofia yako iko juu ya kabati langu. Musa ndiye aliyeniletea. Aliitoa kwenye kambi yenu ya wafanyakazi ameifunga kwa mfuko wa nailoni isipate vumbi njiani, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayempokeza mwenzake mtoto. Alisema alifikiria kuivaa ndani ya metro ili isibondeke, akaona haya. "Kofia hii ina mwenyewe, mwanangu," akaniambia. Miaka sita mmelala kitanda cha ghorofa, wewe chini yeye juu, yeye na kaswida zake za Mombasa, wewe na nyimbo zako za kauboi, na anaapa hamkuwahi kugombana ila juu ya feni.

Siku uliyokufa nina vipande vyake tu. Simu ya Musa. Madam wa kazini akiniambia yalla, nenda, acha hivyo hivyo. Picha ya kiti cha manjano kwenye kioo cha kompyuta, nusu nimeshaisafisha, nusu bado. Walisema ulikuwa unakunja koti lako pale kwenye geti la ghala, zamu imeisha, ukakaa chini kama mtu anayetaka kufunga kamba za viatu, na hukuinuka.

Lakini siku ya picha ninayo yote.

Ilikuwa Januari, hewa imepoa. Ulikuja na Musa kula pilau kwangu, umevaa kofia ile ya kahawia uliyonunua kwenye mitumba ya Nyahururu na kuja nayo kichwani kwenye ndege kwa sababu haikuingia kwenye begi. Kinyozi wa chini ya jengo letu, yule Mpakistani, alikuita Texas, nawe ukamgusia ukingo wa kofia kwa kidole kimoja bila kusimama. Wasichana ninaoishi nao walicheka. Waliniuliza mlinzi wa ghala kutoka Kenya amekuwaje kauboi, nikashindwa kuwaeleza. Ningewaambia nini? Kwamba kwetu kila mwanamume aliyekua akikamua ng'ombe kwenye baridi, redio ya nyimbo za kauboi ikiwa imening'inizwa kwenye mlango wa zizi, ana kofia ya namna hiyo mahali fulani ndani ya nyumba? Kwamba wewe ulichunga ng'ombe kweli?

Mwaka mzima nilikuwa nimesafisha picha za viti na keki kwa ajili ya maduka ya Al Barsha. Nilitaka uso. Nilitaka kauboi mgumu, mwenye jua usoni, picha ambayo mtu angeitazama asijue imepigwa Jumeirah Village nyuma ya jengo ambalo halijaisha.

Nilikusimamisha kwenye ukuta wake wa rangi ya mchanga, nikaanza kupima mwanga. Musa alikuwa ameshika shuka langu jeupe ili likurudishie mwanga upande wa giza, upepo ukilijaza, akilalamika kwamba alialikwa pilau na sasa amefanywa kamba ya kuanikia nguo. Wewe hukunitazama. Ulitazama chini, ukakitazama kivuli chako.

"Ngoja dakika kumi, Mami," ukasema. "Hilo jua bado lina hasira."

Mami. Kwa sababu nina jina la mama yako, hukuniita jina langu hata siku moja, hata nilipokosa. Nami nilikasirika. Nilikuwa na digrii, nilikuwa nimesomea mwanga darasani, na wewe unanifundisha jua. Nikapiga hapo hapo. Picha kumi na nne, zote za bure, macho yako yamezama kwenye giza la kofia kama mashimo mawili. Ulibaki umesimama vile unavyojua kusimama. Kisha jua likashuka, likapita chini ya ukingo wa kofia, likakuingia machoni polepole, na uso wako wote ukafunguka. Nikapiga tatu tu. Ya pili ndiyo hiyo.

Nilikuuliza ulijuaje. Ukasema mtu akisimama getini miaka kumi na miwili anajua kivuli kinaelekea wapi na kitafika saa ngapi, maana ndicho anachokifuata siku nzima. Ulisema kama mzaha. Musa hakucheka.

Niliishughulikia picha ile jioni mbili. Niliondoa rangi zote. Kisha kwenye sehemu za giza nikarudisha kahawia kidogo, kahawia ya chai isiyo na maziwa, ili ionekane ya zamani na yenye joto. Nikaongeza weusi kwenye weusi na weupe kwenye weupe. Halafu nikaanza kukuchimba uso. Mikunjo ya paji, mistari ya kando ya macho, ule mfereji unaotoka puani hadi kwenye kona ya mdomo, kila mmoja niliufuata kwa mkono nikautia kivuli. Zile ndevu za mvi ulizosahau kunyoa nikaziwasha moja moja. Nilikuwa nafikiria kauboi, Baba. Sikuwa nakufikiria wewe. Hilo nimelijua baadaye.

Nilipokuonyesha uliichukua kompyuta ukaipakata. Kisha ukacheka. "Huyu mzee ametoka wapi?" Ukasema imeweza, imeweza kabisa. Ukarudisha kompyuta mezani taratibu. "Lakini mama yako asiione hii."

Nikakuahidi bila kuuliza. Nilidhani ni aibu ya kuzeeka tu. Sikuelewa mpaka Musa aliponipa simu yako nami nikafungua picha ulizokuwa ukimtumia mama. Wewe kando ya chemchemi ndani ya jumba la maduka la Al Barsha. Wewe kwenye kochi ambalo si lako. Wewe na shati lililopigwa pasi, meno yote nje. Miaka kumi na miwili, na hakuna hata moja iliyopigwa juani.

Kisha kamati ya mazishi ikataka picha. Baba mdogo aliandika kwenye kundi kwamba tulizonazo nyumbani ni za pasipoti, na kwamba watu hawatakutambua bila kofia. Akauliza kama nina ya kofia. Wote walijua kazi yangu ni picha.

Nilitafuta njia ya katikati. Nilirudi kwenye ile picha ya asili, kabla sijaigusa, nikatengeneza nyingine kabisa. Nikakurudishia rangi. Nikainua vivuli vyote chini ya kofia. Nikakulainisha paji, nikaufukia ule mfereji wa mdomo, nikakupunguzia miaka kama kumi. Haikunichukua hata saa nzima. Ndiyo kazi yangu ya kila siku, ndivyo ninavyosafisha viti. Nikatuma, nikajiambia nimetimiza ahadi.

Nilipofika nyumbani na jeneza lako, picha ile ilikuwa tayari sebuleni, kwenye fremu yenye maua, imesimamishwa juu ya kiti. Shangazi walikuwa wakiisifu. Ametulia jamani, mwone, utadhani ni wa jana. Mama alikuwa amekaa ameipa mgongo.

Asubuhi iliyofuata aliniita mezani wengine wakiwa nje na masufuria. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Yule pale sebuleni amepakwa mafuta gani?"

Nikavuta kiti nikakaa.

"Nionyeshe ile nyingine."

Nikamuuliza nyingine gani. Akaniambia kwamba ulimpigia simu. Wiki ile ile, Baba! Ulimwambia Mami amenipiga picha, nimetoka kama mtu wa sinema, ungeniona ungeogopa, lakini sikutumii kwa sababu ndani yake nimezeeka. Mimi ulinifunga mdomo, kisha wewe mwenyewe ukashindwa kujizuia usijisifu. Nilitaka kucheka na kukupiga.

Nilimwambia mama kwamba nilikuahidi.

"Ulimwahidi yeye," akasema. "Mimi hukuniahidi kitu."

Nikaifungua.

Alipangusa mikono kwenye leso, akasogeza kiti, akaleta uso karibu kabisa na kioo. Kisha akaweka kidole kwenye ule mfereji, kutoka puani hadi kwenye kona ya mdomo, akaufuata mpaka mwisho, pale pale nilipoufuata mimi. Nikaanza kujieleza. Nikamwambia hukuwa umechoka kiasi hicho, kwamba mengine niliongeza mimi, kwamba ni mtindo tu wa picha, ni kivuli, ninaweza kukipunguza sasa hivi akiona.

"Nyamaza kidogo," akasema.

Nje mtu alikuwa akigombana na mbwa.

"Huyu ndiye aliyekuwa akinipigia simu."

Alinieleza bila haraka, kidole bado kiko kwenye kioo. Ulikuwa ukimwambia umekaa kivulini unakunywa maji baridi, na nyuma yako yeye anasikia malori yakirudi kinyumenyume, anasikia unavyovuta pumzi kati ya neno na neno. Miaka yote hiyo anaisikia sauti, kisha inakuja picha ya mtu kwenye kochi, na vitu viwili hivyo havikutani. Alisema alikuwa amechoka kuongea na mtu asiye na sura. Kisha akalia. Tangu simu ya msiba hakuwa amelia, hata uwanja wa ndege hakulia. Alilia mchele ukiwa mapajani, nami nikaushika ungo usimwagike, kwa sababu sikujua kingine cha kushika.

Baba mdogo alienda mjini kuchapisha nyingine. Akapiga simu kwamba mwenye studio anasema picha ina giza sana, atuongezee mwanga kidogo? Mama, ambaye unajua hajawahi kupandishia mtu sauti, aliichukua simu mkononi mwangu akasema asiguse kitu. Akasema mara mbili. Ile picha iliyolainishwa alimpa shangazi aliyeisifu zaidi ya wote.

Mimi ndiye niliyelitangulia jeneza lako hadi kaburini. Nilikubeba kifuani ndani ya fremu, uso wako ukiwatazama watu, kwa hiyo sikuiona picha. Niliziona nyuso zao tu zikikutana nawe. Wale rafiki zako wa nyimbo za kauboi walikuja saba, kila mmoja na kofia yake. Tulipofika mbele yao wa kwanza alikutazama, akaivua. Kisha wengine. Walisimama vichwa wazi na mvua ya Nyahururu inawanyeshea, hata mmoja hakujifunika mpaka udongo ulipokwisha.

Hivyo ndivyo nilivyovunja ahadi. Sijui kama nilikosea. Siku zingine nikiwa kazini nadhani nilikuuza, siku zingine nadhani ulijua tangu ulipopiga simu ile kwamba mama atakuja kuiulizia. Sina wa kumuuliza.

Jambo moja nimeliona, na linaniuma zaidi. Mimi pia namtumia mama picha. Niko kando ya chemchemi ile ile, Baba. Nimepaka rangi ya midomo, na chini ya macho nimejisafisha kwa mkono huu huu unaosafisha viti. Tumeishi miaka miwili katika mji mmoja, kila mtu akimdanganya kwa upande wake, na tulikuwa hatujaambiana. Juzi ameniandikia maneno mawili tu: nitumie picha.

Musa ana mapumziko siku moja na mimi wiki hii. Amekubali kushika shuka tena, kwa sharti kwamba pilau itakuwa na nyama ya kutosha na kwamba baadaye nitampiga picha na yeye, ampelekee mkewe Mombasa. Amenionya nisimfanye mzee. Nimemwambia tutaona jua litasema nini.

Nitasimama pale pale ukutani. Safari hii nitangoja dakika kumi zote, hata jua likinidanganya kwamba liko tayari. Kitakachotoka nitamtumia mama kilivyo, sitagusa kitu. Hiyo ndiyo ahadi ninayokupa badala ya ile, na hii naweza kuitimiza.

Kofia yako ni kubwa kwangu, inanishukia mpaka kwenye nyusi. Nitakunja gazeti nilitie ndani, ikae juu kidogo, mwanga uingie machoni.

Kaa salama, Baba.

Mami wako