Nimefunga Maji Kwako, Mama

Jumanne. Mvua haijanyesha Kisumu leo, lakini mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi, na kichwa changu kiko hivyo hivyo. Sijui hata nimkasirikie nani.

Mama yangu yuko Ahero, amehifadhiwa kwa jirani, kwa sababu mafuriko yameingia nyumbani kwake tena. Kesho anatakiwa kuhamia kwetu. Si ndani ya nyumba yetu, maana kwa sisi Wajaluo mama halali chini ya paa la mkwe wake, bali kwenye kijumba cha uani. Shangazi zangu bado wanabishana kama uani nako si kwa mkwe.

Kijumba kilikuwa na shida ya maji. Valvu za kufungia maji zilikuwa kuukuu, moja imekwama kabisa, nyingine inavuja hata uikaze kwa mikono miwili. Leo asubuhi mume wangu alimwita fundi, akazikata kutoka kwenye paipu za plastiki, akachomelea mpya kwa mashine yake ya moto, akaenda zake.

Mume wangu alifurahi mpaka akamwandikia Mama ujumbe yeye mwenyewe. Hajawahi! Hao wawili huheshimiana kwa mbali, hata salamu hupitia kwangu. Tena yeye ni Mluhya wa Kakamega, kwa hiyo wakilazimika kuongea huongea Kiswahili, lugha ambayo si ya mama wa yeyote kati yao.

Aliandika: "Mama, nimefunga maji kwako."

Alimaanisha ameyaweka, kama mtu anavyofunga taa au tangi. Mama akasoma kwamba amekatiwa.

Alinipigia nikiwa kazini, analia. Akasema amefukuzwa kabla hajafika. Nikamweleza kwa Kidholuo, polepole, na akanijibu kwamba ninamtetea mume wangu. Afadhali abaki na matope yake Ahero.

Sasa niseme ukweli, maana hapa simdanganyi mtu. Nilipofika nyumbani sikumuuliza mume wangu chochote. Nilienda moja kwa moja uani nikafungua mfereji.

Hakuna hata tone.

Nilisimama pale nikamwamini Mama. Nikamwamini kabisa! Niliingia ndani nikamfokea baba wa mtoto wangu Brenda maneno ambayo sitaki kuyaandika, naye akanitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. Kisha akanipeleka kwenye valvu. Ilikuwa mpya, inang'aa, na imefungwa. Fundi alisema isifunguliwe mpaka viungo vipoe vizuri.

Kwa hiyo alikuwa amefunga, na pia alikuwa amefunga. Hivi nilikuwa namtetea nani, na kwa lipi?

Nikampa simu yangu, nikamwambia ampigie Mama mwenyewe. Alikataa, akazunguka meza, akavaa shati la kola kana kwamba Mama angemwona, kisha akatoka nayo uani. Nikasikia valvu ikizungushwa, halafu maji yakigonga beseni kwa nguvu. Alikuwa anamsikilizisha.

Yakaendelea kumwagika. Mara akarudi mbio, shati limelowa, simu ameiinua juu.

"Mama Brenda, amesema nifunge," akaninong'oneza, macho yamemtoka. "Sasa anataka nimfungie nini tena?"

Sauti ya Mama ilitoka kwenye simu, kali, kwa Kiswahili chake cha Ahero:

"Funga hiyo maji, bwana! Unamaliza yote, kesho nitaoga na nini?"

Nilikimbia kufunga huku nalia na kucheka. Kesho naenda Ahero kumchukua, alfajiri, kabla mtu hajaandika ujumbe mwingine.