Kitambaa cha Kuchujia Maji

Kwa mama yangu mpenzi, huko Ujiji,

Nashika miguu yako, mama. Kifua kimepoa? Na macho, bado yanakusumbua jioni? Sisi huku Kindu tu wazima, ila si wote. Kaa chini kwanza. Mwanaidi, mjukuu uliyempa jina lako, hatunaye. Alihara siku nne. Ya tano akaomba maji, nikampa, akafa hajayameza.

Najua utaniuliza: nilikuwa nikiyachuja? Nilichuja, mama. Kwa kile kitambaa ulichonifungia siku ya harusi, nimekikunja mara nne kama ulivyonifundisha. Yalitoka meupe kabisa.

Arobaini ilipokwisha alikuja tabibu wa Kizungu kununua nguo za merikani kwa mume wangu. Ana kioo ndani ya bomba la shaba, hukuza vitu vidogo. Akaomba tone la maji yangu. Nikatoa kwa majivuno, nikachungulia: wadudu, mama, wanaogelea!

"Umewatia wewe," nikamwambia.

"Basi weka mwenyewe."

Nikaweka kwa mkono wangu. Wamo. Nikachemsha mengine, nikaweka. Hakuna anayetikisika.

Akasema si wote wabaya, lakini wauaji wamo. Akanihadithia kwamba kwao zamani alikuwapo muuza nguo, kama mume wangu, aliyekuwa akikagua nyuzi kwa kioo. Siku moja akatazama maji, akawaona. Wenzake wakamcheka.

"Zamani gani?"

"Kabla hajazaliwa babu wa babu yangu."

"Na habari hiyo ilikuwa wapi siku zote hizi?"

Akainama, akafunga kioo chake.

Sasa kila tone analokunywa Zuhura, mdogo wa marehemu, nalichemsha. Jirani yangu Mama Kitoga akipita mlangoni hunitania: "Maji iko inaiva? Utuite tukule!" Na acheke. Kuni nakata mwenyewe, mtoto mgongoni, na usingizi sina.

Mama, sikulaumu. Ulinichujia mimi nikakua. Kitambaa chako ninacho bado. Huchuja kwanza, ndipo ninapochemsha. Lakini watoto wa dada wasinywe tena maji mabichi. Katika hili sitaki ubishi.

Nisalimie baba, dada na wanawe, na yule bibi mkunga aliyenipokea duniani. Habari ya msiba mwambie taratibu.

Lia, mama, lia uwezavyo. Ukimaliza, washa moto.

Ni mimi mwanao, ambaye watu bado wananiita Mama Mwanaidi.