Manukato ya Mwanamke Ndege

Ijumaa, 9 Mei. Asubuhi manyunyu.

Juzi mama mkwe aliona kasha la manukato niliyoletewa kutoka Thailand. Lina picha ya mwanamke mwenye miguu ya ndege, kiumbe wa hadithi zao, amesimama msituni. "Mwanangu, hilo jini! Litupe!"

Nilitupa kasha tu. Manukato yenyewe, yanayonukia kama msitu wa Amani baada ya mvua, niliyaficha kwenye chupa tupu ya marashi ya waridi.

Leo akaja kuomba marashi ya kuwanyunyizia wageni wa maulidi. Akaiona chupa, akanusa, akafumba macho. "Haya ndiyo marashi! Ulikuwa unaninyima?"

Akamimina yote kwenye mrashi, na jioni wageni wote wakanyunyiziwa. Sina hata tone.

Nikimwambia ukweli, atawarudisha wageni wote wasomewe dua. Nacheka kwenye mto. Saa tano na robo, nalala.