Lugha Isiyo na Nchi

Jumatatu, 3 Machi
Nimefagia baraza. Viti vitano, ubao mmoja. Wamekuja watatu: jirani yangu Béa anayeuza vitenge, na wadogo zake wawili. Somo la kwanza: kitenzi hakibadiliki. Io parla, tu parla, illa parla: mimi, wewe, yeye, kusema ni kulekule. Wakacheka. Kifaransa kimewatesa miaka yote, kumbe kuna lugha isiyo na fujo. Marehemu mume wangu angefurahi. Alikuwa mwalimu wa Kilatini. Hii lugha ya kutungwa alinifundisha jikoni, nikisonga bukari, ugali wa huku. Tangu azikwe hakuna wa kunijibu. Nataka mmoja tu.

Alhamisi, 6 Machi
Wakati uliopita: parlava. Ujao: parlara. Béa anashika upesi. Kanisalimia mlangoni, "Bon die." Nusura nilie.

Wamekuja na picha za pasipoti. Wakauliza cheti kitatoka lini. Nikasema tutaona. Njia ya mwongo fupi, najua.

Jumatatu, 10 Machi
Béa kauliza waziwazi: "Mama, hii luga banaisemaka mu inchi gani?"

Hapa Likasi lugha ni njia ya kutokea. Kichina kwa kazi ya mgodini, Kireno kwa safari ya Angola. Walidhani na yangu ina ubalozi. Nilitamani kudanganya. Nikasema haina nchi. Watu waliitunga kutoka Kilatini na lugha zilizozaliwa nacho, ili waelewane tu. Wakakusanya madaftari, wakaniaga kwa heshima. Afadhali wangenitukana.

Alhamisi, 13 Machi
Hakuna aliyekuja. Nimefundisha wingi hata hivyo: libro, libros. Nikauliza, nikajibu mwenyewe. Aibu.

Jumamosi, 15 Machi
Béa mlangoni. Nikadhani amerudi kusoma. Wapi! "Minye sina lazima ya ile luga, mama. Lakini kuya tukule bukari kwetu."

Nikasema nimeshiba. Sikuwa nimeonja kitu tangu asubuhi. Hasira tu: hakunisalimia kwa lugha yetu. Nikafunga mlango. Mzee mzima, akili za mtoto. Nimelia.

Jumapili, 16 Machi
Mvua imekatika saa kumi. Nimevaa kitenge cha kanisani. Kwa Béa ni nyumba ya tatu baada ya bomba. Nikapita mara mbili kabla ya kupiga hodi.

"Karibu, mama," akajibu kutoka ndani.

Sombe yake ya majani ya muhogo ilizidi chumvi. Nimeimaliza yote.