Kwa Nini Nilikuwa Ndani ya Buti

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Corvina, California
Jumapili, 21 Mei 2023, saa 8:25 mchana

Jina: Bernardino Villaruz, maarufu Dindo
Umri: Miaka 33
Kazi: Dereva wa foki ya kunyanyulia mizigo, ghala la lozi
Makazi: Mtaa wa Alvarado, Corvina
Mchukua maelezo: Sajini M. Treviño

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu, na ndiye niliyekutwa ndani ya buti la gari. Kabla sijasema lolote naomba iandikwe kwamba gari lile lisiwashwe. Nimemwambia askari aliyenifungulia, nimemwambia wa mapokezi, na sasa nakwambia wewe, afande. Sajini amenijibu, "Gari lipo uani, halikimbii. Anza mwanzo." Haya, naanza mwanzo, lakini nitakwenda mbio.

Sikutekwa. Niliingia butini kwa miguu yangu, kwa hiari yangu, na hata mto nilibeba. Arvin Dumlao, mnayemshikilia chumba cha pili, ni rafiki yangu tangu shule, na binti yake Mika, wa miaka minne, mimi ndiye baba yake wa ubatizo. Mtu wa namna hiyo hanifungii mimi butini. Nimeingia mimi kwa sababu katika klabu yetu ya magari mimi ndiye mfupi kuliko wote, na hilo hawaachi kunitania.

Mnamo Jumamosi tarehe 13 Mei, asubuhi, tulikuwa gereji ya nyumbani kwa Arvin tukimfungia shokapu mpya. Hizi si za kawaida. Zinakuja na springi yake humo humo, unazungusha kolari, ile pete inayoishika springi, ukalishusha gari mpaka moyo wako utosheke. Klabu nzima tumeshusha, alibaki yeye. Gari lenyewe ni la mkewe, Jocelyn, na Jocelyn alitutolea uvivu pale pale mlangoni: "Gari la kumpelekea mtoto shule mnalishusha mpaka lilambe lami! Likikwama kwenye tuta, nani atakuja kulisukuma? Dindo?" Arvin akamwambia, "Mke wangu, utapendeza humo." Jocelyn akasonya akaingia ndani.

Afande, hapa naomba usiruke hata neno. Ukifunga shokapu za nyuma unafungua pia mkono wa chini, ule unaoshika gurudumu. Bolti yake inapita kwenye bushi ya mpira, na bushi haikazwi gari likiwa juu ya jeki. Unaiegesha tu, unalishusha gari likae kwa miguu yake, ndipo unakaza. Ukikaza likiwa juu, mpira unajipinda na kuchanika. Hiyo kila mtu kwetu anaijua. Na kuna desturi nyingine: nati ikishakazwa kwa spana ya kupimia mkazo, aliyekaza anaichora mstari wa rangi ya manjano. Nati yenye rangi haiguswi. Kuigusa ni kumwambia mwenzio hajui kazi, na watu wamewahi kununiana mwaka mzima kwa hilo.

Arvin alichora nati zote gari likiwa bado juu, zikiwemo zile za kuegesha tu, kwa kuwa likishuka brashi haifiki. Alikusudia kukaza baadaye. Ndipo mama yake, Mama Remedios, akaita kutoka jikoni, "Njooni mle, tambi zinapoa!" Na kwa mama yule hakuna cha subiri kidogo. Tukashusha gari, tukala, tukaongezwa, tukafungashiwa na za kupeleka nyumbani. Tuliporudi nilimulika kwa tochi, nikaona manjano kila mahali. Nikasema, "Safi." Arvin akasema, "Safi." Haya yote ya rangi nimeyatambua leo nikiwa butini, wiki nzima sikuwa nayajua.

Jumatatu Jocelyn akasema gari linagonga. Ukiondoka, ko. Ukikanyaga breki, ko. Tukaanza kuhangaika nalo kila jioni. Tulilegeza kolari tukazikaza upya. Tukapaka springi grisi. Tukabadilisha viungo vya stabilaiza. Tukafungua vishikio vya juu, vile vinavyoingia chini ya zulia la buti, tukavirudisha. Ko. Boyet, mwenyekiti wa klabu, alikuja akasikiliza akiwa na soda mkononi, akasema, "Shokapu hizi zote zinagonga, ni tabia yake. Ongeza redio." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana kelele ya tabia haikui, na hii ilikuwa inakua. Usiku sikulala vizuri, afande. Nilikuwa nikifumba macho naisikia.

Sajini ameniuliza mbona hatukulipeleka kwa fundi. Ni aibu tu. Hilo nalo liandikwe.

Leo baada ya misa nikamwambia Arvin, "Endesha wewe, mimi nalala butini na sikio chini." Kiti cha nyuma kisingefaa, kina kiti cha Mika kimefungwa kwa mikanda. Tukakubaliana: nikigonga bati mara moja, kelele ni ya kushoto, mara mbili, ya kulia. Akafunga. Nikaweka kiganja juu ya kishikio cha shokapu ya kulia. Gari likaondoka, ko, na kiganja hakikusikia kitu. Kelele ilinijia kiunoni, kutoka chini kabisa. Nikagonga mara mbili. Tulipofika kwenye taa nyekundu karibu na duka la donati, Arvin akashika breki, na nyuma kote kukaserereka pembeni kama mguu kwenye kandambili iliyokatika. Hapo ndipo nikaelewa. Mkono wa chini haushikwi na kitu. Nikapiga kelele, "Arvin, simama! Fungua!" Nikapiga bati kwa ngumi na kwa miguu. Na yeye, Mungu amsamehe, anahesabu! Nilimsikia anafoka, "Kulia, kushoto, kulia tena! Amua basi, bwana!"

Mama wa gari la jirani alisikia mtu anapiga kelele butini, akawapigia simu. Amefanya vizuri, simlaumu. Mtaa wa pili mkatusimamisha, Arvin akalazwa kifudifudi. Buti lilipofunguliwa neno langu la kwanza lilikuwa, "Msiliendeshe!" Askari akanijibu, "Tulia, kaka, uko salama sasa." Kisha mwenzake akaliendesha mpaka hapa. Huyo Mungu anampenda.

Sajini amesema basi hakuna kosa, anamalizia karatasi tu. Mimi sitaki karatasi, nataka mtu akae na funguo. Naomba nisimame nichungulie dirishani. Nimeambiwa nikae.

Nimesikia mlango wa gari. Nani huyo? Sajini amesema mwenye gari ameletwa na dada yake, aliyemshusha akaondoka, na amekabidhiwa funguo kaunta ili gari lisivutwe. Yuko na mtoto? Afande, yuko na mtoto?

Linawashwa. Linaondoka, ko. Hiyo ndiyo! Umesikia? Hiyo nd

(Maelezo yamekatika saa 9:02. Shahidi ametoka mbio bila ruhusa. Nimemfuata. M.T.)

(Yanaendelea saa 9:40.)

Samahani kwa grisi kwenye karatasi. Nilimkuta ameshatoka getini, yuko kwenye taa, anasubiri kuingia barabara kuu. Nikajilaza juu ya boneti. Jocelyn akatoa kichwa dirishani: "Dindo, una wazimu? Asubuhi buti, sasa boneti?" Nikamwambia, "Zima. Mtoe Mika." Nadhani aliniona uso, maana hakuniuliza la pili. Mika alikuwa analia anataka kitabu chake cha kupaka rangi, na hakuna aliyemjali.

Sajini mwenyewe alipiga magoti akamulika gurudumu la nyuma kulia. Nati haikuwepo. Bolti ilikuwa imetoka zaidi ya nusu. Jocelyn aliinama akaona, akainuka, akambeba mtoto na kusogea naye mpaka ukutani, mbali na gari.

Kisha Arvin akatolewa. Hakutazama bolti hata mara moja. Aliketi chini kwenye lami na nguo zake za misa, akaniuliza, "Walikuwa wanaelekea wapi?" Nikamwambia, "Barabara kuu." Akauliza tena, kama vile hakusikia. Nikamjibu tena.

Nimesomewa haya na ndivyo nilivyosema. Sina la kuongeza.

Sahihi: B. Villaruz

Mimi Sajini M. Treviño nathibitisha kwamba niliandika maelezo haya kama yalivyotamkwa. Shahidi aliniomba mara tatu kuhusu gari. Nimezihesabu nilipokuwa ninamsomea. Gari limebaki pale kwenye taa, limezuiwa kwa mawe, litabebwa juu ya lori. Bw. Dumlao ameachiwa bila shtaka. Nilijitolea kuwapeleka nyumbani kwa gari la kituo. Bi. Jocelyn alikataa kumpandisha mtoto kwenye gari lolote leo. Waliondoka kwa miguu wote wanne, shahidi akiwa nao, mtoto mgongoni kwa mama yake.