Mkaa wa Ntare

Gisozi, Kigali

Kwa dada yangu mpenzi Connie,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe, shemeji na watoto. Mguu unaendeleaje tangu ufungwe plasta? Usijilaumu kwa kukosa mazishi ya mdogo wetu Ntare. Hata sisi tuliokuwapo hatujaamini.

Tulipokuwa Bujumbura wewe ndiye uliyekuwa ukimshusha Ntare kutoka juu ya bati, alikopanda kutazama ndege. Alipomaliza kusomea urubani ng'ambo alituambia anarusha ndege za mizigo, na Mama akajigamba jumuiyani kwamba mwanawe anapeleka maua Ulaya. Kumbe alirusha ndege za kivita, katika vita vya watu ambao hata majina ya miji yao hatuwezi kuyatamka. Mtu aliyepiga simu alisema Luteni Ntare ametunguliwa juu ya bahari. Nikamwambia amekosea namba. Akanitajia kovu la kidevuni, nikajua ni yeye. Miaka ishirini na sita tu, dada.

Mwili haukupatikana. Wenzake wa jeshini walituletea begi lenye shati, viatu na rozari. Mjomba Melchior alipoanza kupiga randa mbao za jeneza aliuliza urefu wa marehemu, kisha akakumbuka hakuna atakayelala humo. Akakaa juu ya maranda akalia. Sikuwahi kumwona Mjomba akilia.

Sasa nikueleze yaliyotokea kabla jeneza halijafungwa. Shangazi Kabagwira aliagiza kipande cha mkaa. Unaijua desturi yetu: mwanamume aliyekufa bila mtoto huzikwa na mkaa mkononi, kwa kuwa moto wake umezimika. Kwa vile mkono haukuwapo, Shangazi aliamua kuutia kiatuni. Mama, pamoja na Ukatoliki wake wote, hakupinga, alifumba macho tu. Mimi niliona tunamuua mara ya pili, ila sikumzuia.

Shangazi alipoinama, Umulisa, yule binti aliyeimba kwaya na Ntare, akajipenyeza na mtoto mgongoni. Nilidhani anakuja kutoa pole kama wengine. Akamshika Shangazi mkono, akasema taratibu, "Acha, Mama. Ntare iko na mtoto." Akamfungua mtoto wa kiume, wa miezi minne. Alieleza kwamba walikuwa pamoja Ntare alipokuja likizo mwaka jana, naye alimwomba anyamaze mpaka likizo nyingine, aje mwenyewe na wazee kumposa kwa heshima. Nyusi za mtoto zimeungana, zilezile za baba yake. Shangazi akauweka mkaa chini.

Tulizika shati na viatu. Ule mkaa Mama aliuchukua, akaingia nao jikoni, akautia moto pamoja na mingine na kuchemsha maji ya kumwogesha mjukuu wake.

Umulisa bado yuko hapa kwetu, anawasalimu. Waambie wanao wamepata ndugu. Nawe upone upesi, dada, maana huyu naye atahitaji wa kumshusha kutoka juu ya bati.

Mdogo wako akupendaye,
Alida