Mimi Ngoma, Saidi Sauti

Mjukuu wangu Zuhura,

Salaam nyingi toka Kasongo. Mama yako iko Kabambare, alienda na pikipiki kuvuna mpunga. Nyumbani hakuna mutu wa kuongea naye.

Unauliza kwa nini nakusumbua huko Japani unitafutie diski za lile kundi la Wazungu la vinanda vya umeme, wakati mashine yangu ya kuzipiga ilikufa zamani.

Tulipokuwa vijana, rafiki yangu Saidi aliletewa diski yao moja toka huko Japani. Wimbo tuliujua redioni, lakini huu wa kwenye diski ulitengenezwa upya kwa ajili ya Wajapani, mrefu ajabu. Ramadhani ikaingia, na baba hakutaka muziki nyumbani. Basi tuliweka diski kati yetu, tukatazama yale maandishi ya Kijapani tusiyoyajua, tukaupiga wimbo mzima kwa midomo, chinichini baba asisikie. Mimi ngoma, Saidi sauti. Ulikuwa mtamu kuliko kwenye mashine.

Saidi tulimzika mwaka jana.

Wewe zitume tu, mama. Kila ikifika mpya naiweka mbele yangu, napiga ngoma kwa mdomo mpaka pale sauti inapoingia. Hapo nanyamaza, namungoja.

Babu yako